Kuhesabu Mizunguko ya Ekseli

Majani chai yakishachumwa hayangoji mtu. Ukiyashindilia kwenye gunia yanaanza kupata joto, kama lundo la nyasi mbichi, na usipoyafikisha kiwandani mapema yanakuwa mekundu na kunuka. Mashamba yetu ya bondeni, upande wa Kimulot, yalizaa vizuri kuliko mengine yote, lakini kati yake na kiwanda palikuwa na mlima mmoja wa udongo mwekundu. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, ule udongo ulikuwa kama sabuni iliyolowekwa. Mkokoteni wa ng'ombe ulipanda kwa nusu siku. Gari la sanduku, yaani kale kagari kadogo kenye bodi ya mbao nyuma, halikupanda kabisa.

Nitaeleza kwa nini, maana habari yote inategemea hapo. Gari lile lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ya mbele yalikuwa ya kuelekeza, hayana nguvu yoyote. Ya nyuma yakiteleza, basi, mmekwama. Sasa, nyuma ya garaji yetu palikuwa na lori kuukuu la wakati wa vita vya Wajerumani, lililonunuliwa kama chuma chakavu, na kuku walitagia ndani yake. Lori hilo lilikuwa na ekseli ya mbele, yaani mhimili wa magurudumu, inayozungushwa na injini. Fundi alilitazama miezi mingi. Kisha akamwambia Bwana, msimamizi wa shamba, kwamba anaweza kutoa ekseli ile pamoja na giaboksi yake ya kati, ile inayogawia magurudumu ya mbele nguvu, azifunge kwenye gari la sanduku, nalo lisukume kwa nyuma na kuvuta kwa mbele.

Fundi alikuwa Singasinga aliyekuja nchini kufanya kazi ya reli. Aliishi na mkewe na binti zake watatu katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa mali ya shamba. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke kule kwetu karibu na ziwa, na nilijua kusoma na kuandika, kwa hiyo vipimo vyote niliviandika mimi.

Bwana alimsikiliza, akakubali, lakini alimwekea mpaka. "Jumamosi, saa kumi," alisema, nami nikiwa nimesimama pale. "Lipande mlima na mzigo kamili. Likishindwa, Jumatatu analeta vyombo vyake fundi mwingine."

Fundi mwingine maana yake ilikuwa pia Fundi wetu na familia yake kuhama ile nyumba. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kuna jambo moja ambalo huwezi kulikwepa unapofunga ekseli mbili kwenye injini moja. Lazima zikubaliane. Propela, ule mtaimbo unaotoka kwenye giaboksi, ukizunguka mara sita ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja, basi la mbele nalo lazima lihitaji sita, au karibu sana na sita. La sivyo, magurudumu ya nyuma yatataka kukimbia na ya mbele yatataka kutambaa, na kitu kitavunjika. Kwa hiyo unahesabu. Unafunga kitambaa kwenye propela, unazungusha gurudumu kwa mkono, unahesabu kitambaa kinapita mara ngapi.

Ekseli ya mbele tuliihesabu pamoja siku ya Jumatano. Ilikuwa juu ya magogo, imetolewa kwenye lori, Fundi ameshika gurudumu la kulia na mimi la kushoto, tukizungusha kwa pamoja. Sita. Nikaandika.

Alhamisi homa ikamlaza Fundi. Aliniagiza nihesabu ya nyuma peke yangu. Nikaweka jeki upande mmoja, nikainua gurudumu la kulia, nikaacha la kushoto chini na jiwe mbele na jiwe nyuma. Hiyo ilikuwa sheria ya garaji yetu: gari haliinuliwi pande zote mbili kwa mara moja, kwa sababu mwaka uliotangulia gari lilianguka kutoka juu ya magogo na kumvunja mtu mguu. Fundi mwenyewe aliiweka sheria hiyo. Nikazungusha. Tatu. Nikarudia mara nne. Tatu, tatu, tatu, tatu.

Nilimpelekea jibu kitandani. Alifumba macho.

"Tatu?"

"Tatu, Fundi. Nimerudia."

"Ndiyo sababu gari haina nguvu ya mlima," alisema polepole. "Gia yake ni ya barabara. Mimi nilidhani injini imezeeka." Akageukia ukutani. "Sita na tatu. Haiwezekani hii. Imekufa."

Aliniamini. Mwandiko wangu ulikuwa safi na nilirudia mara nne, na jibu lilifanana na kile alichokuwa akikilalamikia siku zote. Hesabu mbaya inayokubaliana na shaka yako ni ngumu kuitambua. Nimewaambia hivyo wengi waliojifunza kazi kwangu baadaye.

Ijumaa asubuhi nilimkuta amevaa kilemba safi na koti. "Nakwenda ofisini," alisema. "Kuliko Bwana aje hapa Jumamosi acheke mbele ya watu, nitamwambia mwenyewe." Akaondoka akitembea kama mtu ambaye miguu yake bado ina homa.

Nilibaki nimekaa kwenye debe. Nje, mwendesha ng'ombe, mzee Mkipsigis aliyepeleka chai kwa mikokoteni miaka yote ile, alikuwa akigeuza jozi yake uwanjani.

"We mtu wa ziwa!" aliita. "Gari yenu imekula nyasi leo? Au bado inalala?"

"Bado, mzee."

"Nyinyi tengenezeni tu. Mimi na hawa nitawavuta."

Nilikuwa nikiwatazama ng'ombe. Ili mkokoteni ugeuke mahali padogo, mzee alimzuia ng'ombe wa kushoto kwa fimbo asitoke pale alipo, na yule wa kulia akamzunguka mwenzake. Mmoja amesimama, mwingine anatembea duara zima. Na katikati ya nira, pale mnyororo ulipofungwa, palitembea pia, lakini duara dogo. Nusu ya lile la ng'ombe wa kulia.

Nusu.

Niliinuka debe likaanguka. Ndani ya ekseli kuna difu, na kazi ya difu ni ile ile ya nira: kuruhusu gurudumu moja lisimame na jingine lizunguke wakati wa kukata kona. Propela ndiyo mnyororo wa katikati. Nilipoacha gurudumu la kushoto chini, limesimama, na kuzungusha la kulia peke yake, propela ilizunguka nusu tu ya mizunguko yake. Ya mbele tuliyazungusha yote mawili pamoja. Tatu yangu ilikuwa sita.

Nataka niseme ukweli hapa. Kabla sijakimbia, nilisimama kidogo mlangoni. Nilifikiri: nikinyamaza, hakuna atakayejua, Fundi ataondoka, mimi nitabaki. Nikisema, huenda nikaondoka mimi. Ilikuwa ni muda wa kuvuta pumzi mbili hivi, lakini nauona hadi leo. Kisha nikakimbia.

Njia ya ofisini ilikuwa matope matupu. Nilianguka mara mbili. Fundi alikuwa amesimama barazani akisubiri kuitwa, kofia za wageni zikiwa zimetundikwa ukutani nyuma yake.

"Fundi, usiingie!"

"Nini? Garaji inaungua?"

"Nilihesabu vibaya. Niliinua gurudumu moja. La pili lilikuwa chini."

Alinitazama nilivyopakaa matope. Midomo yake ilihesabu bila sauti. Kisha mlango ukafunguliwa na karani akasema Bwana yuko tayari kumwona.

"Mwambie samahani," Fundi alisema. "Mimi iko na kazi."

Tulirudi garajini. Tulipofika aliweka jeki mbili na magogo manne, akainua nyuma yote, akanipa upande wangu. Sita, na kipande kidogo. "Kipande hiki matope yatasamehe," alisema. Hapo ndipo aliponigeukia. "Wewe mjinga. Mimi mjinga zaidi, sikuuliza umeinua vipi. Leta spana kubwa."

Tulifunga ekseli ile mpaka giza likatufukuza, tukaanza tena alfajiri. Saa tisa na nusu Jumamosi tulikuwa bondeni, magunia yamepangwa hadi juu, mvua ndogo inaendelea. Bwana alisimama juu ya mlima na mwavuli. Mzee wa ng'ombe alikuwa chini nasi, jozi mbili zimefungwa nira tayari.

"Nisubiri hapa hapa, au nitangulie katikati?" aliuliza. Wachumaji wakacheka.

Fundi aliendesha. Mimi nilikaa kando yake, mkono kwenye kipini cha giaboksi ya kati. Tulipita robo ya kwanza vizuri. Penye kona magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza, mkia wa gari ukaenda kuelekea mtaroni, na chini ya miguu yetu kitu kikalia kama mfupa unaovunjika. "Usiguse," Fundi alisema. Hakukanyaga mafuta zaidi, alipunguza. Mbele ya kioo niliona magurudumu ya mbele yakichimba polepole, yakitupa matope pembeni, yakishika, yakiteleza, yakishika. Mkia ukarudi barabarani. Nyuma yetu kelele za watu zilikuwa zimekoma.

Tulifika juu. Bwana alitazama saa yake, akatazama magunia, akasema, "Yako mengine chini, sivyo?" Akaenda zake.

Fundi hakushuka. "Mimi nitarudi kuchukua mengine," alisema. "Wewe nenda nyumbani kwangu. Mwambie mama watoto afungue mizigo."

Nilikwenda. Mkewe alikuwa barazani amekaa juu ya godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, mabinti wamepangana ukutani na viatu vimevaliwa. Aliniangalia usoni kabla sijasema lolote.

"Imepanda?"

"Imepanda, mama."

Aliinuka, akajaribu fundo la kamba, vidole vikashindwa. Akaniashiria nishike upande wa pili.