Jumamosi Ilivyopunguzwa Kiwandani

Nilipomaliza chuo Embu, niliajiriwa ukarani katika kiwanda kidogo cha kahawa karibu na Githongo. Kompyuta ilikuwa moja, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kuitumia. Wakulima waliponiona nimeikodolea macho kutwa, waliniita msichana wa televisheni.

Msimu wa kuchuma ulipopamba moto, mama yangu, ambaye ni mwanachama wa ushirika wenye kiwanda hicho, alileta gunia lake Jumamosi saa nne asubuhi. Akapimiwa saa kumi na moja jioni. Foleni ilifika barabarani. Hakunilaumu, ila nilimwona akisugua magoti, nikaona haya.

Jumatatu nikaanza kuingiza stakabadhi za mwezi mzima kwenye lahajedwali: mstari mmoja kwa kila mzigo, safu ya tarehe, ya kijiji, ya kilo. Nilipojumlisha kwa kijiji, nikapata vijiji saba, ilhali sisi tuna vinne. Nilicheka peke yangu. Mpima mizani alikuwa akiandika majina jinsi anavyoyasikia, vijiji viwili vikawa na majina matano. Kompyuta haijui kwamba ulikusudia kijiji kilekile. Nikayasawazisha yote, nikaongeza safu ya siku za juma, nikajumlisha upya. Kilo za Jumamosi zilizidi za siku nyingine zote zikiwekwa pamoja.

Nikachora chati yenye rangi za kila aina, nikampelekea mwenyekiti kwa madaha.

"Hiki ni nini, kitenge?" akauliza.

"Ni kilo za kila kijiji, kila siku."

"Mimi naona maua tu. Unataka watu wajue nini?"

"Kwamba Jumamosi tunasongamana."

"Basi nionyeshe Jumamosi."

Nilirudi mezani nimenuna, lakini alikuwa amesema kweli. Nikafuta vijiji, nikabakiza nguzo moja kwa kila siku, zote za kijivu isipokuwa Jumamosi, hiyo nikaipaka nyekundu. Juu nikaandika: "Jumamosi tunasongamana, Jumatano mizani inalala." Nikaenda Meru mjini kuichapisha kwenye karatasi kubwa.

Siku ya mkutano wa wanachama, baada ya maombi, tuliibandika ukutani kwenye ghala. Kabla sijafungua mdomo, nyanya mmoja alisimama akaisogelea.

"Hiki chekundu kirefu ndicho kilichoniumiza mgongo?"

"Ndicho, nyanya."

"Basi kikateni."

Ghala lote likaangua kicheko. Mzee mmoja akauliza tutachumaje siku za kazi, wakati wasaidizi wetu hawako nyumbani, maana kahawa ikishachumwa haingoji kesho. Mama yangu akainuka. "Tuchumiane kwa zamu. Leo kwangu, kesho kwako. Si ndivyo tunavyopalilia?" Wakakubaliana kila kijiji kiwe na siku yake, na Jumamosi ibaki ya waliochelewa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa nusu saa. Sikuongea hata dakika tano. Sijawahi kufurahia kunyamaza namna ile.

Kijiji chetu kilipewa Jumatano. Wiki iliyofuata mama alifika na gunia, akapimiwa, akaondoka kabla chai yangu haijapoa. Ikabidi nitoke mbio kumfuata, maana alikuwa amesahau stakabadhi.

"Mbona haraka hivyo, mama?"

"Nimeacha sufuria ya mukimo motoni," akasema huku akicheka, naye hakusimama.