Siku ya Arobaini Niliyomtajia

Mama alifia Tanga na sikuwahi mazishi, kwa hiyo nikaweka matanga kwenye fleti yangu Lewisham. Siku ya pili akaingia yeye, mwanamke aliyekuwa mbunge wetu katika Bunge la Ulaya miaka mingi, mpaka nchi ilipojitoa na kiti chake kikapotea. Sasa alikuwa anagombea ubunge wa hapahapa, na kura zilikuwa zimekaribia. Jirani ndiye aliyempa habari. Akavua viatu, akaketi mkekani, akaomba kisu akamenya vitunguu saumu pamoja na kina mama.

Wote wakamsifu. Mimi nikawa natafuta kamera.

Msinilaumu. Nimekulia mtaa ambao wagombea waligawa khanga na kulia kwenye misiba ya watu wasiowajua, na kura zikiisha hata salamu hawaitikii. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huku mbali nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa mama, msiba wa heshima, na sikutaka niukute kwenye karatasi ya kampeni.

"Shoga, huyu hana msiba, ana election," nilimnong'oneza rafiki yangu jikoni.

"Na wewe nawe! Mtu kamenya masaa mawili, bado unamchunguza?"

Wakati wa kuaga aliniuliza, kwa Kiingereza chake cha upole, arobaini itakuwa lini. Hata neno lenyewe alilijua, nami nikazidi kumshuku. Hitima ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia Jumapili. Akaandika kwenye kidaftari, nami nikajiona mjanja kwelikweli.

Karatasi zake zilikuja tatu. Kila moja niliigeuza mbele na nyuma, picha ndogo nikazisogeza dirishani. Nilimwona Brussels akihutubia, nikamwona na wavuvi, nikamwona na wauguzi. Msiba wangu haukuwemo. Hilo nalo nikalitilia shaka, labda anauweka akiba. Kisha akashinda. Nikasema basi, huyo hatumwoni tena.

Jumamosi tukasoma hitima, nyumba ikajaa. Kesho yake mchana nilikuwa peke yangu nasugua masufuria, kengele ikalia. Alikuwa yeye, mtandio kichwani, bila msaidizi, amebeba bakuli la vitunguu saumu alivyokwisha kuvimenya. Akachungulia nyuma yangu, akaona sebule tupu na mkeka umekunjwa.

"Nimechelewa?" akauliza.

Kwanza nilitazama ngazi, nione kama mpiga picha amejificha. Hapakuwa na mtu.

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa jana."

Akaniomba radhi. Akasema bila shaka aliandika vibaya, na machozi yakamlengalenga kwa ajili ya mama yangu. Nikalipokea lile bakuli, nikamwambia hakuna neno, nimemsamehe.