Barabara Iliyopita kwa Mama

Wiki hii wanatia lami upya barabara inayopita nyuma ya nyumba yangu hapa Mpendae, na watoto wangu wamefungua madirisha makusudi ili wainuse. Wanasema inanukia. Mimi langu nimelifunga, nikaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa taulo bovu, na bado inaingia. Mke wangu ananicheka, anasema nimekuwa mzee wa kununa. Kweli nanuna. Nimenuna tangu barabara ya kaskazini ilipochukua kaburi la mama yangu, na leo nitakuhadithieni ilivyolichukua, maana wengi wenu mnapita pale kila siku na hamna habari.

Barabara yenyewe mnaijua. Inatoka mjini kwa upande wa Malindi, inaziacha nyumba za mawe na vichochoro vyake, inashika Funguni, inapita Saateni, kisha bahari inajitokeza mkono wa kushoto huko Maruhubi na Mtoni, na toka hapo haziachani sana mpaka Bububu. Kwetu ni mbele kidogo ya Bububu. Babu alikuwa akitusimulia kwamba zamani njia hiyo ilikuwa na treni, na kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wake. Wapo waliosema jina limetokana na chemchemi. Babu alikuwa upande wa treni na hakutaka ubishi, ingawa treni yenyewe hakuwahi kuiona.

Mimi niliijua kwa mwendo wa ng'ombe. Baba yangu alikuwa na gari la ng'ombe, akipeleka nazi na kuni mjini, na siku ambazo sikuwa na skuli alinipandisha juu ya mzigo. Ng'ombe wake alimwita Mudiri, cheo cha wakubwa wa serikali, kwa kuwa hakuondoka mpaka abembelezwe. Barabara ilikuwa nyembamba, lami yake imemegeka kingoni kama mkate mkavu, na ikipita motokaa sisi tulishuka majanini tukangojea vumbi litue. Sikuona dhiki yoyote. Nilinusa moshi wa vifuu, mwani uliooza huko Mtoni, na jasho la baba lililochanganyika na mafuta ya nazi, nikaona dunia imekamilika.

Haikuwa imekamilika, kwa sababu mama alikuwa keshafariki. Alikufa na mimba ya mdogo wangu kabla mimi sijaanza skuli. Alizikwa kwenye makaburi ya kijiji, na makaburi yetu yalikuwa ukingoni mwa barabara, baina ya lami na minazi. Hayakujengewa. Kwetu mtu akizikwa huwekewa mawe mawili ya pwani, moja kichwani na moja miguuni, ambayo huitwa mashahidi, basi. Kaburi la mama lilikuwa na mrehani ulioota vizuri, bibi mzaa mama ndiye aliyeupanda. Tukifika pale baba alipunguza sauti, akawatolea salamu maiti kama inavyotakiwa, nami nikapiga kelele toka juu ya nazi: "Mama, tunakwenda mjini. Unataka nini?"

Baba alijibu kwa niaba yake, bila ya kucheka. "Kasema ubani."

Na ubani tulinunua, tukaufukiza nyumbani siku ya Alkhamisi. Kwa mtoto asiye na mama, hiyo ilikuwa ni kama kutumwa dukani na mama.

Basi siku moja sheha, mkuu wa kijiji chetu, akaita watu akawaambia kwamba barabara itatanuliwa, na kwamba wapimaji watakuja Jumatano. Watu wakafurahi. Nawaambieni kweli, hakuna aliyenung'unika. Wageni wanakuja kutoka mjini, na mgeni kwetu hapokewi kwenye uchafu. Wanawake wakafagia njia, wakafagia mabaraza, wakafagia mpaka chini ya minazi pasipofagiwa. Kisha mtu mmoja, Mungu anamjua, akasema makaburi nayo yanatia aibu yalivyo ukingoni mwa barabara na majani yale. Wanaume wakashika mapanga. Wakafyeka kila kitu, vichaka na mirehani, wakafagia majani makavu mpaka ardhi ikaonekana nyekundu na laini kama uwanja wa harusi.

Halafu ikaja fikra ya chokaa. Mtu alitaka mawe yapakwe meupe yapendeze. Maalim Haji, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akakataa: kaburi halipakwi chokaa, dini haitaki. Watu wakabembeleza. Maalim akafikiri sana, akatoa rukhusa yake ambayo nadhani hakuna kijiji kingine kingeitoa. Alisema jiwe likiwa juu ya kaburi ni la kaburi, lakini likiwa mbali na kaburi ni jiwe tu. Kwa hiyo wakayang'oa mawe yote, wakayapeleka chini ya mkorosho, wakayapaka chokaa na kuyaacha yakauke. Siku ya pili, asubuhi, yangerudishwa kila moja mahali pake. Sisi watoto tulibeba ndoo za maji tukiimba.

Ilikuwa Jumanne. Wapimaji wakaja Jumanne hiyo hiyo, alasiri.

Wakapokewa kwa madafu na mkate wa kumimina. Wakatandikiwa mkeka. Walipomaliza kula wakasimama, wakatazama ule uwanja uliofagiwa, wakasifu usafi wetu, wakapigilia vigingi vyao katikati. Mtaniuliza, mbona hapana mtu aliyesema neno? Nami nimejiuliza umri wangu wote. Kwanza, hakuna aliyefikiri kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza asiyaone makaburi. Sisi tuliyaona, hata bila ya mawe. Pili, wageni wamo kwenye chakula, ni adabu gani hiyo kuwatajia maiti? Kwa hiyo watu wakatabasamu, na vigingi vikaingia ardhini.

Baba alikuwa mjini siku ile. Aliporudi akaona kigingi, na nadhani kwa kuhesabu hatua tu alijua kuwa kiko juu ya mama. Alikishika akaking'oa. Sheha akamwambia, "Kirudishe, usituaibishe. Wanapima tu."

Baba akakirudisha. Siku ya pili akaenda ofisini mjini, akaoneshwa ramani, na kwenye ramani mahali petu pameandikwa kuwa ni uwanja wa wazi. Alipowaambia kwamba pale pamelala watu, wakamuuliza alama zao ziko wapi. Alama zilikuwa chini ya mkorosho, zimekauka vizuri.

Wakati huo kijijini kulikuwa na balaa jengine. Mawe yote yalikuwa meupe, na hakuna aliyeweza kuyatambua. Bibi alilikumbatia jiwe moja akasema hili la mwanangu, nalijua kwa ufa wake, na Bi Mwanakhamis akalishika upande wa pili akasema ni la mumewe. Wanawake wawili waliokuwa wakipeana moto kila asubuhi, wakavutana juu ya jiwe mpaka chokaa ikawatapakaa kwenye kanga. Mwishowe wanaume wakayachomeka kwa kukisia. Watu wa barabara walipokuja mara ya pili wakayaona yale mawe meupe mapya kwenye ardhi mpya, mengine yamelala upande, wakacheka sana. Walisema wamekwishazoea watu wanaopanda migomba wakisikia barabara inakuja wapate kulipwa, lakini waliopanda makaburi sisi ndio wa mwanzo.

Hilo neno lilituvunja. Ungeweza kudhani wazee wangepigana. Walinyamaza, kwa sababu kila mmoja alijua kuwa mikono yake mwenyewe ndiyo iliyong'oa. Maalim Haji aliacha kukaa barazani. Mimi nikapelekwa kwa shangazi yangu huko Malindi, nikae naye kidogo, niliambiwa, nimsaidie kuteka maji. Shangazi maji yake yalikuwa ya mfereji, yakitoka bombani ndani ya nyumba.

Niliporudi barabara ilikuwa pana, nyeusi, inang'ara, na ikitoa ile harufu. Nikaiona nzuri. Nikakimbia juu yake miguu mitupu mpaka nyayo zikaungua. Nilipouliza kuhusu mama, baba alikuwa akimkogesha Mudiri, na hakuinua uso.

"Mama'ako tushamuhamisha," alisema. "Yuko juu, kwenye mikarafuu. Kesho ntakupeleka."

Akanipeleka. Huko juu palikuwa na makaburi mapya ya kijiji, na chini ya mkarafuu mmoja mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni. Nilichutama nikayapapasa. Nikamwambia mama kuwa pahala pake papya ni pazuri, pana kivuli, na kelele za magari hazifiki sana. Tokea siku ile nililala usingizi wangu wote, wakati kabla ya hapo, toka vigingi vipigiliwe, nilikuwa nikiamka nikilia. Kila Sikukuu tulipanda kilimani kwa kanzu mpya. Nilisoma nilichokijua, baba naye akasoma, lakini yeye hakuyatazama yale mawe. Alisimama amegeuza bega, akitazama chini barabarani. Nilidhani anamchunga Mudiri asije akala muhogo wa watu.

Jengine lililonikera kwake ni kwamba hakulipitisha tena gari lake juu ya barabara ile pale kijijini. Alizunguka nyuma, kwenye makonde, akatokea mbele ya minazi, na mzunguko huo ulitupotezea nusu ya asubuhi. Wenzangu walinitania kwamba baba yangu anaogopa lami. Nilimwonea haya, na nilipokua nikasema nitaishi mjini, nitapita katikati ya barabara kama watu. Ndivyo nilivyofanya. Nilipopata kazi na pikipiki, nilipita pale nikienda na nikirudi, na wala sikupunguza mwendo.

Baba amefariki juzi juzi tu. Nilitaka alazwe karibu na mama, nikawaambia wachimbaji wachimbe ubavuni mwa yale mawe mawili. Wakachimba kidogo wakakutana na mzizi wa mkarafuu, wakasogea, wakakutana na mwamba. Maiti iko msikitini, jua linapanda. Ami Makame, mdogo wake baba, alikuwa amekaa pembeni akiegemea fimbo. Akasema, "Chimbeni hapo hapo penye mawe."

Nikamwambia, "Ami, hapo yupo mama." Nilisema kwa ukali ambao mtoto hasemi mbele ya ami yake.

Hakukasirika. "Hapo hapana mtu, mwanangu. Baba'ako aliyaweka mawe kwa ajili yako. Ulikuwa hulali."

Wachimbaji wakanitazama, nami nikawaashiria wachimbe. Ardhi ile ilikuwa ngumu, haijapata kuguswa na jembe hata siku moja, na hilo lilikuwa ushahidi mkubwa kuliko maneno ya ami. Tukamlaza baba mahali ambapo kila Sikukuu nilikuwa nikisoma. Nilishika udongo wangu nikautia, na hasira zilinijaa kifuani hata sikujua nimkasirikie nani: waliocheka, waliofagia, Maalim na rukhusa yake, au huyu ninayemfukia.

Baada ya matanga nilimwomba Ami Makame anioneshe alipo mama. Tukashuka naye barabarani. Alitembea polepole ukingoni mwa mtaro, akasimama, akarudi nyuma, akatafuta minazi ambayo haipo tena. Mwishowe akanyoosha fimbo toka duka la simu mpaka kwenye nguzo ya umeme.

"Baina ya hapa na pale," alisema. "Zaidi ya hapo nnakudanganya, na wewe ushadanganywa vya kutosha."

Hapo ndipo nilipokielewa kile nilichokiona utotoni na nikakipa maana ya kitoto. Yule mtu niliyemwonea haya alikuwa akizunguka makonde ili gurudumu lake lisimpite mkewe juu. Na kule kilimani, akiwa amenigeuzia bega, alikuwa akimwombea mahali alipo kweli, wakati mimi amenikabidhi mawe niridhike. Alibeba peke yake mzigo uliokuwa wa kijiji kizima, mpaka akafa, na sikumshukuru, kwa kuwa nilidhani ni mtu mjinga anayeogopa lami.

Nilishuka kwenye lami nisome Fatiha. Sikujua nielekee wapi, kama yuko mbele yangu au nyuma yangu, au nimesimama juu yake. Sikufika hata nusu, dereva akanipigia honi nipishe, nikapisha.