Mpiga Picha wa Kayole Aliyeona Damu Katika Jicho la Mama

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Kayole, Nairobi. Katika chumba cha kliniki chenye pazia zito, Beldina Ayuma anamsaidia Mzee Nyamai kuegemeza kidevu mbele ya kamera. Mzee huyo, dereva wa lori mwenye kisukari anayefanya kazi eneo la viwanda la Industrial Area, amekunja ngumi.

"Utanidunga?"

"Hapana, baba. Hakuna sindano, wala jicho silishiki. Ni mwanga tu. Angalia hiyo taa ya kijani."

Mwanga unamulika. Mzee anashtuka, kisha anacheka. "Ni hiyo tu?"

Ayuma, 34, alikuwa akipiga picha za harusi na ubatizo katika mtaa jirani wa Dandora hadi mwaka 1994, kliniki hii ya kanisa ilipopata kamera ya macho na kumfunza kuitumia. Kamera hiyo hupitisha mwanga kwenye mboni na kunasa picha ya mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho. Kisukari huiharibu mishipa hiyo kimyakimya, mgonjwa akiwa bado anaona.

Mwaka uliofuata alimwita mama yake, Nerima, muuza mboga mwenye kisukari.

"Mchele bado nachambua mwenyewe, naona vizuri. Picha ya nini?" mama alilalamika. Hata hivyo alikuja, amefunga kitambaa kipya na kujipaka mafuta, kana kwamba anakwenda studio.

Filamu iliposafishwa, Ayuma aliiinua kwenye taa. Mishipa ilikuwa ikivuja damu.

"Nimeona macho ya watu wengi," anasema. "Ya mama yalinishinda. Nilitoka nikalia nyuma ya tangi la maji."

Daktari wa kliniki alijitolea kumweleza mama habari hiyo. Ayuma akaomba aachiwe kazi hiyo. Jioni alimkuta mama akikata mboga za sukuma.

"Mama, macho yako yanavuja damu ndani."

"Mbona siumwi?"

"Hayaumi, mama. Yanazima tu."

Nerima aliweka kisu chini. "Basi nipeleke hospitali. Lakini usiniache mlangoni."

Hakumwacha mlangoni. Katika hospitali kubwa ya mjini alimshika mkono hadi alipoketishwa kwenye mashine ya leza, inayoziba mishipa inayovuja kwa mwanga mkali. Jicho la kushoto halikuokolewa. La kulia linaona hadi leo, na Nerima bado anauza mboga zake.

Sasa Ayuma anapanga kuipeleka kamera Dandora kila Jumamosi. Parokia ya huko imekubali kumpa chumba, na mwenye pikapu mmoja ameahidi kuibeba.

"Wengi huja wakiwa wameanza kupapasa ukuta," anasema, akibadilisha filamu. "Nataka niwapate wakiwa bado wanaziona sura za watoto wao."