Mchwa Hawali Kompyuta

Kwa miaka sita nilikuwa karani katika ofisi ya mpimaji wa mashamba pale Emali, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa watu watatu tu: bosi, mchoraji wa ramani, na mimi. Nilipokea wageni, nilipiga chapa na nilitunza faili, na kazi niliyoringia zaidi ilikuwa hiyo ya kutunza. Siku hizi nikimsikia mtu akijisifu kwa utunzaji wa kitu chochote, natafuta mlango.

Karatasi zilitushinda kwa sababu ya mchwa. Mchwa wa kwetu hana adabu. Unaacha boksi la faili sakafuni Ijumaa, Jumatatu unakuta ganda na udongo. Ndipo bosi akanunua kompyuta kuukuu ya mezani kutoka kwa cyber moja ya Kitui iliyokuwa ikifungwa. Tuliiweka kwenye kona juu ya kreti ya soda, tukaiunganisha kwa waya na mashine zetu mbili, na tangu hapo kila karatasi tuliyoiskani ilihifadhiwa mle ndani. Tuliiita seva. Nikaibandikia karatasi iliyoandikwa USIZIME, na bosi, ambaye ni mzee wa kanisa, akaiwekea mkono na kuiombea. Mimi nilifumba jicho moja tu, maana lingine lilikuwa likicheka.

Bosi alitaka pia tuchapishe nakala ya kila stakabadhi na kuiweka kwenye kabati la chuma. Nikamkatalia.

"Bosi, sasa tunarudi nyuma? Mchwa hawali kompyuta."

Akacheka, akakubali. Nilikuwa na jibu la kila kitu enzi hizo.

Isitoshe, nilikuwa na akiba yangu. Kila Ijumaa, kabla ya maombi ya kufunga ofisi, niliiburuta ile folda ya stakabadhi kutoka kwenye skrini yangu hadi kwenye flash, nikaifunga flash kwa leso na kuitia ndani ya kiondo, kikapu changu. Kazi yenyewe ilikwisha kabla sijapepesa macho. Sikuwahi kujiuliza inakuwaje stakabadhi za miaka yote hiyo zihame kwa haraka hivyo. Nilidhani ni ufundi wangu.

Mwaka wa nne alikuja mama mmoja mjane kutoka upande wa Makindu. Shemeji yake alikuwa amemshtaki, akidai shamba lote la marehemu baba mkwe wake. Lakini mzee huyo, enzi za uhai wake, alikuwa amewaita wazee wa ukoo, mbuzi akachinjwa, na ikaandikwa kwamba sehemu ya chini, kando ya mto wa mchanga, ni ya mjane huyu na watoto wake. Palikuwa na alama saba za vidole gumba kwa wino wa buluu. Wenye vidole hivyo wote walikuwa wameshazikwa.

Karatasi aliitoa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, pembe moja imetobolewa na mchwa. Alinieleza kwamba kila mwezi huianika juani, huikung'uta, kisha huihamisha, leo darini, mwezi ujao chini ya kitanda. Niliiskani huku akinisimamia begani.

"Mwaitu," nikamwambia, yaani mama, "sasa pumzika. Imeingia kwa server. Hata nyumba ikiungua, sisi tuko nayo."

"Hata hii yangu ikipotea?"

"Hata ikipotea. Korti ikikaribia unakuja tu, tuna-print, wakili anagonga muhuri."

Alinishika mikono yote miwili, akanibariki. Nilijisikia mtu wa maana sana siku hiyo.

Kesi iliahirishwa na kuahirishwa. Kisha wikendi moja stima ilipotea na kurudi, ikapotea na kurudi, na Jumatatu asubuhi seva ilikuwa ikigonga ndani, ta, ta, ta, na skrini nyeusi. Fundi alikuja, akaifungua, akasema diski imekufa. Bosi akashika kichwa. Mimi nikafungua leso yangu kwa madaha. Ndani ya flash mlikuwa na picha moja ndogo ya folda, yenye kishale pembeni. Nikaibofya, nayo ikaanza kuitafuta seva.

"Madam, hii ni shortcut peke yake," fundi akasema. "Umekuwa ukibeba njia ya kwenda kwa nyumba, ukidhani umebeba nyumba."

Diski ilipelekwa Nairobi na kurudi katika bahasha ileile. Hakikupatikana kitu.

Sikumpigia mjane simu. Nilijipa moyo kwamba karatasi yenyewe anayo. Ukweli ni kwamba niliona haya, na haya yangu iliendelea mpaka wiki moja kabla ya kesi, alipopanda ngazi zetu akiwa na mkebe wake mkononi, akitabasamu.

"Mwana wakwa," akaniita, yaani mwanangu, "nimekuja kwa ile print."

"Mwaitu, tutumie hiyo yako kwanza."

Akafungua mkebe. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu na vipande vya karatasi visivyotosha kufunika kiganja. Hakuwa ameianika tangu siku niliyomwambia apumzike. Nikamweleza yote, nikiangalia kreti.

"Kwani mchwa wanakula hata kompyuta?"

"Hapana, mwaitu. Ni mimi."

Akafunga mkebe, akakibonyeza kifuniko mpaka kikashika.

Kesi alishindwa. Seng'enge ya shemeji sasa inapita mpaka mtoni. Niliacha ile kazi. Hakuna aliyenifukuza, na hilo pia linaniuma. Mwaka jana nilikutana na yule mjane sokoni Makindu, ambako anaishi katika chumba cha kupanga na binti yake. Nilitamani anitukane. Aliniita mwana wakwa, akauliza habari za watoto, kisha akauliza kama ile mashine yetu ilipona.

"Walinunua ingine, mwaitu."

"Ni vizuri," akasema. "Wasikose pahali pa kuwekea watu vitu vyao."