Kichaka Kilichokatwa Kiplombe

Naikumbuka bado, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi hapa Kiplombe, enzi za chama kimoja, nikiwa mke mgeni kwenye boma hili. Magoti yananiuma na maneno mengi yananichosha, kwa hivyo sitarudia.

Mama mkwe wangu alikuwa na kichaka cha maua meupe mbele ya nyumba. Kila kiangazi kilipukutisha majani yote kikabaki vijiti, na mvua ikija kilinukia hadi barabarani. Alikipenda kuliko ng'ombe wake, na huku kwetu hilo si jambo dogo.

Asubuhi hiyo vijana wa chama walikuja na mapanga. Mgeni mkubwa angepita, na chifu hakutaka kitu kikavu kionekane kando ya barabara. Nilichemka. Nilitaka kuwatukana palepale, na mume wangu alikuwa karani wa serikali! Siku hizo neno moja tu la mke lingetosha kumfukuzisha kazi.

Mama akanishika mkono. "Nyamaza, wewe. Unataka tulale njaa kwa sababu ya matawi?" Kisha akawageukia wale vijana, sauti ameilegeza kama mgonjwa. "Kateni tu, watoto wangu. Lakini msing'oe. Mimi sina nguvu ya kufukia shimo."

Wakamhurumia, wakaacha kisiki. Mimi nililia. Yeye, walipoondoka tu, aliokota vile vijiti akavichomeka ardhini kuzunguka boma lote. Huyo mgeni mwenyewe alipita njia nyingine. Mvua iliponyesha kisiki kikachipua, na vijiti vingi vikashika. Hii fensi unayoinusa kila ukija ilitokana na mapanga yale.

Sasa umenijia ukitetemeka kwa hasira, eti mkubwa wako kazini amekunyang'anya cheo na kesho utamwonyesha. Sisemi umnyenyekee. Kunyenyekea kulinichosha miaka ile, na uchovu huo ninao hadi leo. Nasema, kabla hujafungua mdomo, tazama anakata nini. Kama ni matawi, mwache, kisha okota utakachoweza. Akigusa mizizi, simama, hata ukiwa peke yako.

Mungu akutulize moyo, akupe mvua kwa wakati wake. Chukua kijiti pale langoni ukapande kwako. Kisiposhika, rudi uchukue kingine. Na usiponikuta, usimwombe mtu ruhusa. Kata tu.