Gundi ya Ndala

Fundi Kimya alikuwa ametengeneza viatu vya kupandia mlima kwa miaka ishirini na mitatu, na mlima wenyewe hajawahi kuukanyaga. Aliujua kwa soli tu. Jina la Kimya alipewa na wateja, maana ungeweza kuleta kiatu, kukifuata na kuondoka bila kusikia sauti yake zaidi ya "haya".

Jioni hiyo, mwanzo wa kiangazi, alifungua kopo la gundi ya viatu vya mlimani amalizie kazi ya mwisho. Harufu ikampiga puani. Akanusa tena.

Hiyo ilikuwa gundi ya ndala. Siku chache nyuma kopo la gundi ya ndala lilitoboka, akamimina iliyobaki kwenye kopo hili lililokuwa tupu, "kwa muda tu", akasahau. Gundi ya ndala ikipata baridi kali hukatika kama biskuti. Na jana yake, usiku, macho yakiwa mazito na pua imeziba kwa mafua, alikuwa ameitumia kubandika soli za shemeji yake, mume wa dada yake, anayeongoza wapandaji. Shemeji alikuwa ameshaondoka tangu mchana na wageni watatu.

Alipiga simu. Haipatikani.

Safari zile alizijua, maana dada yake huzisimulia kila akikosa usingizi. Watapumzika kwenye kibanda cha mawe hadi saa nane usiku, kisha watavuka mteremko wenye theluji iliyobaki tangu majira ya baridi. Huvukwa kabla jua halijaipiga, ingali ngumu kama sakafu. Chini ya mteremko ni genge.

Akatia mfukoni msharasi wake wa kutobolea ngozi, uzi wa nta na koleo. Dada akamkuta uani akijaribu tochi.

"Unakwenda wapi, kaka?"

"Juu."

"Juu wapi? Darini?"

"Mlimani. Nimesahau kitu kwa shemeji."

Dada alimtazama kuanzia raba zake hadi utosini. "Wewe ambaye ngazi ya dukani unaipumzikia katikati? Kitu gani hicho?"

"Kitu tu," akasema, akaondoka haraka kabla uso haujamsaliti.

Saa za kwanza alipanda kwa hofu, na hofu ina nguvu. Kufikia saa tano usiku hofu ilibaki, nguvu zikaisha. Alihesabu hatua ishirini, akasimama, akahesabu tena. Jasho likageuka baridi mgongoni. Mahali fulani aliteleza, goti likagonga jiwe, tochi ikamtoka na kubingirika bondeni. Akaendelea kwa mwanga wa mwezi, akipapasa kama mtu anayetafuta swichi.

Alipoiona theluji, alidhani ni shuka limeanikwa. Kando yake kilikuwa kibanda. Na kutoka kibandani zilikuwa zikitoka taa nne, moja baada ya nyingine, zikielekea kwenye weupe ule.

Asingewafikia kamwe. Ilibidi apige kelele.

Akafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Taa ya mbele ilikuwa imebakiza hatua chache. Akashika mawe kwa mikono miwili, akajaza kifua.

"Shemejiii! Vua viatu!"

Mlima mzima ukarudia: viatu, viatu. Taa zikasimama.

"Nani huyo?"

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Kimya!"

Mgeni mmoja akacheka. "Kama huyo ndiye Kimya, mpiga kelele wenu yukoje?"

Walipomfikia alikuwa amekaa chini, anahema. Wote wanne walimmulika usoni. Alitamani ardhi immeze. Lakini akasema, mbele ya wageni, "Nimekosea. Soli zako nimezitia gundi ya ndala."

"Shemeji, acha utani. Zimenifikisha hapa vizuri tu."

"Lete mguu."

Akashika ncha ya kiatu cha kulia, akakikunja. Tak! Soli ikaachia kuanzia vidoleni hadi katikati ya unyayo.

Waliingia kibandani. Mgeni mmoja akashika taa, Kimya akashona, vidole vimekufa ganzi, akijichoma mara kwa mara. Shemeji hakukaa. Kila dakika alichungulia mlangoni kutazama mashariki. Kiatu cha pili kilipoisha, jua lilikuwa limeshaipiga theluji kitambo.

"Bado tutawahi?" mgeni akauliza.

Shemeji alikwenda kuichoma theluji kwa fimbo. Fimbo ikazama nusu.

"Leo hatuvuki. Tunashuka."

Wageni walinung'unika njia nzima, na Kimya aliyabeba manung'uniko yao yote kama mzigo wake. Shemeji alitembea mbele. Karibu na nyumbani tu ndipo alipogeuka.

"Dada yako nitamwambia hali ya hewa ilikuwa mbaya."

Kimya akaendelea kuchechemea.

Dada alikuwa mlangoni, macho mekundu. "Haya, kaka. Hicho ulichosahau umekipata?"

Shemeji akafungua mdomo. Kimya akamtangulia.

"Nilimbandikia gundi ya ndala, dada. Angevuka nayo theluji."

Dada alivitazama viatu vya mumewe, vimeshonwa kwa uzi mnene kama mdomo wa gunia. Akamgusa mumewe bega, kidogo tu, kama anayehakikisha kwamba yupo. Kimya akabaki amesimama nje, kichwa chini, akingoja lolote litakalokuja.

"Hivyo viatu visiingie ndani," dada akasema hatimaye. "Wewe ingia, ukaoshe hilo goti."

"Haya," akasema Kimya.